Tulimwita Mjusi

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Rafiki yangu anayesimamia vipindi kwenye kituo kimoja cha televisheni hapa Dar alinipigia akaniuliza kama nina nafasi ya kutafsiri filamu ya wanyama wa jangwani. Dakika 52, nusu ya malipo mwanzo, nusu mwisho. Mimi ni mwandishi wa habari, na kodi ya nyumba haiulizi kama unapenda mijusi. Nikasema nitumie.

Usiku nikakaa mezani, nikavaa hedifoni, nikaanza. Ngamia, nge, nyoka anayejifukia mchangani. Yote haya Kiswahili kinayo, unaandika huku unakunywa chai. Halafu dakika ya 14 akatokea yeye, anavuka mchanga mwekundu wa Australia, na kalamu ikasimama.

Ni mjusi mdogo. Mwili na mkia kwa pamoja ni kama sentimita 20, na jike humzidi dume ukubwa. Mwili mzima umejaa miiba, kuanzia juu ya macho hadi ncha ya mkia, utadhani mtu alichukua matawi ya mgunga akayafinyanga yakawa mnyama. Rangi ni ya kahawia na njano, mabaka kwa mabaka. Kukiwa na baridi rangi hukolea, jua likiwaka hupauka. Anatembea mwendo wa ajabu: anainua mguu, anasita, anajitikisa mbele na nyuma kama mtu anayepima kama daraja litamhimili, ndipo anatua. Mkia kauinua juu. Nilirudisha picha nyuma mara nne nimtazame anavyotembea.

Msimulizi wa Kiingereza akamtaja jina. Kwa Kiswahili, neno kwa neno, ni shetani mwenye miiba.

Nikaandika "shetani mwenye miiba". Nikafuta. Nikaandika "ibilisi wa miiba". Nikafuta tena, nikaenda kulala.

Ninyi mnaosoma hapa mnajua ugonjwa wa mtu anayetafsiri: akikwama kwenye neno moja, anaamka saa tisa usiku kulichimbua. Nami nikachimbua. Jina la kisayansi la mjusi huyu ni Moloch horridus, na alilipewa mwaka 1841 na John Edward Gray, aliyekuwa msimamizi wa wanyama British Museum, London. Moloch ni yule tunayemkuta kwenye Biblia ya Kiswahili kwa jina la Moleki, mungu ambaye watu walikatazwa kumtolea watoto wao katika moto. Waliosoma Paradise Lost ya John Milton, iliyotoka 1667, watamkumbuka pia: ni mmoja wa malaika walioasi, na shetani anapoitisha baraza kule kuzimu, Moloch ndiye anayesimama kwanza kutaka vita.

Sasa mtazame aliyebebeshwa jina hilo. Chakula chake ni sisimizi, basi. Anasimama kando ya njia yao, anawadokoa kwa ulimi mmoja mmoja, mpaka kwa siku anaweza kumaliza zaidi ya elfu moja. Hana sumu. Hana meno ya kukudhuru. Akitishwa, anajaza hewa mwilini avimbe, na kichwa anakiinamisha katikati ya miguu ya mbele. Kisogoni ana nundu yenye miiba inayofanana na kichwa, kwa hiyo adui anayemjia anakutana na kichwa cha bandia na cha kweli kimefichwa chini. Huo ndio ukatili wake wote.

Neno la pili, horridus, lilinishangaza zaidi. Tunadhani ni "wa kutisha", na kweli lina maana hiyo. Ila kwenye Kilatini cha zamani maana yake ya kwanza ni kitu kilichosimama nywele au miiba, kitu kinachokwaruza ukikipapasa. Kwanza lilikuwa neno la ngozi, kisha likawa neno la hofu. Yaani watu waligusa kitu kinachokwaruza, na baada ya muda wakasema kinatisha.

Kufika hapo nikafunga kompyuta. Nilikuwa nimeshajua kwa nini silali.

*

Nina mdogo wangu, tumepishana miaka miwili. Alizaliwa na ngozi kavu ambayo baada ya miezi michache ilianza kupasuka vipande vidogo, kwenye miguu, mikononi, mgongoni, kama udongo wa bwawa maji yakikauka. Hospitali walitupa jina la Kigiriki ambalo Mama hakuweza kulitamka: ikthiosisi. Miaka mingi baadaye nikagundua limetokana na neno la Kigiriki la samaki. Kumbe hata madaktari walimtazama mgonjwa wakaona magamba.

Haliambukizi. Ni la kurithi, ngozi inashindwa kutunza maji yake. Sehemu yenye unyevu hewani linapungua, sehemu kavu linazidi. Na sisi tulikulia Dodoma. Wanaoijua Dodoma wanaujua upepo wa Juni na Julai, ule wa baridi usio na tone la maji ndani yake. Miezi hiyo mdogo wangu alikuwa akipanda kitandani, shuka linasikika likikwaruza.

Kila jioni Mama alichota beseni la maji ya uvuguvugu, akamkalisha humo nusu saa, kisha akampaka mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka. Maji hatukuwa nayo mengi. Beseni lile ndilo lililofulia soksi baadaye, na mwisho likamwagiwa mpapai. Mimi ndiye niliyetumwa bombani, na foleni ya bomba mtoto wa miaka 11 hawezi kuipenda.

Jina nililitoa mimi. Ilikuwa uwanjani, tumesimama kuchaguliwa timu. Nahodha wa upande wa pili hakumtaka mdogo wangu, akasema mikono yake inakwaruza, wenzake wakacheka. Nikaona kicheko kinanijia na mimi, maana tulikuwa tunafanana sura. Nikawahi. Nikasema, "Huyu si mtu, ni mjusi."

Wakacheka vizuri sana. Na mimi nikachaguliwa.

Kuanzia siku hiyo akawa Mjusi. Darasani, njiani, dukani. Mwalimu mmoja naye akalidaka: "Mjusi, futa ubao." Dodoma mijusi ni wengi, kwa hiyo mzaha haukukosa chakula. Wale mijusi wa kwenye majabali, madume yenye vichwa vya rangi kali yanayopiga pushapu juu ya jiwe, walikuwa wakionyeshwa kwa kidole: "Baba yako yule."

Nimekuja kujua juzi tu, kwa sababu ya kazi hii, kwamba mijusi wale wa majabali na huyu wa Australia ni wa ukoo mmoja, Agamidae. Tena mmoja wa wale wa kwetu jina lake la kisayansi ni Agama dodomae, alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1923. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba mjusi wa Dodoma ana jina la Dodoma. Tungelitumia vibaya tu, nadhani.

*

Asubuhi nikarudi kwenye filamu, maana tarehe haingoji.

Sehemu inayofuata ni ya maji. Jangwa la kule linaweza kukaa muda mrefu bila mvua, na mjusi huyu kwa namna mdomo wake ulivyo, uliotengenezwa kwa ajili ya sisimizi, hawezi kulamba maji wala kuinama kwenye dimbwi akanywa. Anachofanya ni kusimama. Anasimama kwenye mchanga uliolowa, au anapitia kwenye nyasi zenye umande. Katikati ya magamba yake kuna vijia vyembamba sana, vimeungana mwili mzima, na vyote vinaishia kwenye pembe za mdomo. Maji yanapanda kwenye vijia hivyo yenyewe, kutoka miguuni, kupita tumboni, hadi mdomoni. Mjusi anafumbua na kufumba mdomo, anameza. Wakati mwingine anajimwagia mchanga mbichi mgongoni ili apate na ule unyevu uliomo.

Nilihangaika namna ya kulieleza hili kwa Kiswahili bila kuleta fizikia, mpaka nikakumbuka koroboi. Utambi wa koroboi unavyovuta mafuta juu bila mtu kuyasukuma, ndivyo maji yanavyopanda. Nikaandika hivyo. Ni sentensi ninayoipenda kuliko zote kwenye tafsiri ile. Nikaongeza na jambo ambalo watu wengi hulikosea: ngozi haiyanywi yale maji. Inayapeleka tu mahali panapostahili.

Kamera ikamkaribia. Magamba yakawa yanang'aa, moja baada ya jingine, jinsi maji yalivyokuwa yakipanda. Nikaliona beseni la Mama. Nikamwona yule mtoto ndani yake, amekaa kimya kabisa, anangoja ngozi yake ishibe, na mimi mlangoni nimenuna kwa sababu ya ndoo mbili za maji.

Nikampigia simu.

*

Mdogo wangu siku hizi yuko Tanga. Ni fundi wa friji na viyoyozi. Alienda huko kikazi akabaki, anasema hewa ya bahari ndiyo dawa pekee aliyowahi kupewa bure. Ana mke, ana binti wa miaka sita, na binti ana ngozi ya baba yake.

Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Nikamwambia natafsiri filamu, kuna mjusi nimeshindwa kumpa jina. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

"Kaka, umekosa mtu mwingine wa kumuuliza habari za mijusi?"

Nikamweleza. Miiba, sisimizi, maji yanayopanda. Alisikiliza kwa makini, ni fundi, mambo ya mirija anayapenda. Akauliza kama vijia vile haviziibi na mchanga. Nikamwambia sijui. Akasema, "Lazima kuna namna. Mirija yote huziba."

Ndipo nikajaribu kusema nililompigia. Nikaanza, "Unakumbuka ule uwanja, siku ile ya kuchagua timu..."

"Uwanja gani?"

Nikamsimulia. Neno kwa neno. Akasema hakumbuki. Alidhani siku zote jina lilitoka kwa watoto wa jirani.

Nilichokuwa nimekibeba miaka 24, yeye hakuwa nacho kabisa. Nikajisikia mwepesi kwa sekunde mbili hivi.

"Ninachokumbuka mimi," akasema, "ni sekondari. Nimefika kidato cha kwanza, wewe uko cha tatu. Siku ya kwanza bwenini wale wenzako wakakuuliza, huyu mwenye magamba ni ndugu yako? Ukasema, tunatoka mtaa mmoja."

Nilitaka kusema si kweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikamwona, sanduku la bati mkononi, pembeni ya kitanda cha chuma, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema vilevile. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Kwa mtu anayekula kwa kukumbuka watu wengine walisema nini na lini, nilikuwa nimelifuta kwa usafi wa hali ya juu.

"Jina lilikuwa jina tu," akasema. "Kila mtu alikuwa nalo, kulikuwa na Bata, kulikuwa na Kichwa. Ila nilikuwa nimekaa wiki nzima nikijiambia, nikifika huko kaka yupo."

Nikasema nisamehe. Akasema, "Sawa." Kisha akasema, "Usilie kwenye simu, utaniharibia mchana, nina friji la bucha linaningoja."

Kabla hajakata akaniambia jambo jingine. Wiki iliyopita binti yake alirudi kutoka chekechea akamuuliza, "Baba, gamba ni nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni kitu anacho samaki. Akasema sawa. Lakini Januari anaanza darasa la kwanza, na huko ni shule kubwa. Sijui nimfundishe nini, kaka. Mimi nilizoea tu. Sitaki naye azoee."

*

Nilirudi kwenye filamu nikiwa sina hamu. Ile sehemu ya kichwa cha bandia niliitafsiri haraka, sikutaka kuitazama tena.

Lakini jina lilikuwa bado linadaiwa. Kule kwenye jangwa la katikati ya Australia, kuzunguka mwamba wa Uluru, wanaishi Waanangu, na lugha mojawapo wanayosema ni Kipitjantjatjara. Waliishi na mjusi huyu zama na zama kabla ya meza ya Gray. Wao humwita ngiyari. Hiyo "ng" ya mwanzo ni ile ya kwetu, ya ng'ombe na ng'ambo. Msemaji wa Kiingereza ana taabu kuanza neno kwa sauti hiyo. Sisi tunayo tangu tukinyonya. Ukimwandikia Mswahili "ng'iyari", anasoma bila kufundishwa, na neno linaingia kwenye sentensi kana kwamba lilizaliwa Pangani.

Nikaandika ng'iyari kote, na mara ya kwanza nikaongeza: mjusi wa miiba.

Rafiki yangu wa televisheni hakufurahi. "Mzee, shetani linauza," akaniambia. "Jumapili mchana, watoto wako nyumbani, ukiwaambia shetani wa jangwani hakuna anayetoka sebuleni. Ng'iyari nani anamjua?"

Nikamwambia hakuna anayemjua, ndiyo maana tunamtambulisha. Tukavutana siku mbili. Sikumwambia habari za mdogo wangu. Nilihisi nikizitumia kushinda mabishano nitakuwa nimemchagulia timu kwa mara nyingine. Mwishowe tukagawana: tangazo la kipindi likabaki na shetani wake, ndani ya kipindi akabaki ng'iyari wangu. Nilipoliona lile tangazo nilikasirika, kisha nikakumbuka nimekwisha kulipwa.

Filamu ilipotoka, jioni ile shemeji akanitumia ujumbe wa sauti. Ni binti anayeongea, nyuma yake maji yanasikika.

"Baba Mkubwa, yule ng'iyari anakunywa kwa miguu. Na mimi nimesimama kwenye beseni muda mrefu sana. Hayajapanda."

Halafu sauti ya mdogo wangu kwa mbali: "Mwambie na nyumba nzima umeilowesha."

Januari niliomba ruhusa ya siku tatu kazini nikapanda basi la Tanga. Hakuna aliyeniita. Asubuhi tulienda shuleni watatu, binti katikati, sare imemzidi, miguu inang'aa mafuta. Mdogo wangu alimweleza mwalimu wa darasa habari za ngozi: haiambukizi, jua kali si zuri kwake, asikatazwe kunywa maji wala kujipaka mafuta katikati ya vipindi. Alikuwa ameyaandika yote kwenye karatasi kama orodha ya vipuri. Mwalimu akaipokea, akaisoma, akauliza maswali mawili ya maana.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ni nani yake?"

"Baba yake mkubwa," nikasema. "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, tumelala kitanda kimoja mpaka nakwenda sekondari, na sekondari tulisoma wote."

Mwalimu hakuwa ameuliza hayo yote. Aliandika tu "baba mkubwa" kwenye daftari lake, pamoja na namba yangu ya simu. Mdogo wangu alikuwa ameinama anamfunga binti kamba za viatu, sikuuona uso wake. Alizifunga, akazifungua, akazifunga upya.